Mtoto akikuuliza, 'Jua litakufa lini?'

Kwa siku nne mfululizo mpwa wangu wa miaka sita alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani. Hakuwa anakwenda chooni, wala hakuwa na njaa. Alikuwa anavuta kiti cha plastiki hadi dirishani, anakaa, anaangalia giza la nje. Siku ya tano dada yangu alimkuta hapo, akamgusa paji la uso akidhani ana homa. Hakuwa na homa.

"Unafanya nini hapa, baba?" alimuuliza.

"Nangoja Jua. Naangalia kama litakuja."

Jioni ile dada alinipigia simu. Kwa kuwa ninaandika habari za afya, kila jambo la watoto katika ukoo wetu, kuanzia kikohozi hadi jino linalotikisika, huishia kwenye simu yangu. Alitaka kujua kama kuna ugonjwa wa namna hiyo. Nikamwomba anipe mtoto niongee naye.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nasikia siku hizi unangoja Jua."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mama mdogo, Jua litakufa lini?"

Ilibainika kwamba alikuwa ameona video kwenye simu ya kaka yake. Video haikufika hata dakika moja. Jua lilivimba, likawa jekundu, likaimeza Dunia, ikaisha. Haikusema hayo yatatokea lini. Kwa mtoto wa miaka sita, jambo lisilo na tarehe linaweza kuwa kesho asubuhi.

Alishauliza nyumbani kabla yangu. Mama yake alimjibu kama wengi wetu tunavyojibu tukiwa na sufuria jikoni: "Jua halifi, nenda kalale." Bibi yake alimwambia aache uchuro. Hakuna aliyemjibu, naye akaamua kulinda zamu mwenyewe.

Ukweli ni kwamba mtoto alikuwa sahihi. Jua ni nyota, na nyota hufika mwisho. Kinachomtisha mtoto si ukweli huo, ni kuupata bila vipimo. Mzazi hahitaji kuwa mwalimu wa fizikia ili kumpa vipimo hivyo. Haya ndiyo tuliyoyatumia sisi.

Nani anaweka mkaa?

Jumamosi nilikwenda kwao, nje kidogo ya mji. Tulikaa uani karibu na jiko la mkaa, maharage yakichemka. Swali lake la kwanza lilikuwa la mtu anayejua jiko: "Nani anaweka mkaa kwenye Jua?"

Hakuna anayeweka. Jua lilizaliwa na mkaa wake wote, na mkaa huo ni haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Lakini Jua haliungui kama jiko. Moto wa jiko unahitaji hewa, na angani hakuna hewa. Katikati kabisa ya Jua, kwenye kitovu chake, joto linafika nyuzi milioni 15 za Selsiasi, na uzito wote wa Jua unakandamiza hapo. Kwa joto na mkandamizo huo, viini vya haidrojeni hugongana na kuungana, vikawa gesi nyingine iitwayo heliamu. Katika kuungana huko sehemu ndogo ya uzito hupotea na kugeuka kuwa nishati. Hiyo ndiyo inayotufikia kama mwanga na joto.

Ulaji wake ni mkubwa. Kila sekunde Jua linageuza takriban tani milioni 600 za haidrojeni kuwa heliamu. Hayo ni malori milioni 20 yenye tani 30 kila moja, kwa muda wa kusema "moja". Lakini Jua lina uzito wa Dunia 333,000, ndiyo maana limekula hivyo kwa miaka bilioni 4.6 na bado limebakiwa na akiba.

Akiba hiyo ina siri moja ambayo mama yeyote anayepikia mkaa ataielewa. Haidrojeni inayotumika ni ile ya kitovuni tu, kiasi cha sehemu moja kati ya kumi ya haidrojeni yote ya Jua. Iliyobaki iko juu, mbali na joto kali, na haichanganyiki na ya katikati. Ni kama kuwa na gunia zima stoo na jiko linazimika kwa sababu hakuna wa kulileta gunia. Wakati huohuo heliamu inajikusanya kitovuni kama jivu. Nyota kama Jua huanza kuzeeka gunia likiwa bado limejaa.

Miaka 100 iliyopita hata wanasayansi hawakujua hayo. Wengi waliamini Jua limeundwa na vitu vilevile kama Dunia, kwa viwango vilevile. Mwaka 1925 mwanamke wa miaka 25, Cecilia Payne, aliyetoka Uingereza kusoma Marekani, alionyesha katika tasnifu yake ya udaktari kwamba nyota ni haidrojeni na heliamu kwa sehemu kubwa sana. Mtaalamu mashuhuri, Henry Norris Russell, alimwambia jambo hilo haliwezekani, naye akalazimika kuandika kwamba matokeo yake mwenyewe huenda si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell alifikia jibu lilelile kwa njia nyingine, akakubali kwamba Payne alikuwa sahihi. Ninamkumbuka mama huyo kila ninapotaka kumwambia mtoto, "Acha maswali ya ajabu."

Saa tano na nusu asubuhi

Namba zilikuwa kikwazo. Kumwambia mtoto "miaka bilioni tano" ni sawa na kumwambia "kesho kutwa". Hata sisi watu wazima bilioni inatupita. Ukianza kuhesabu sasa, namba moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, utafika bilioni moja baada ya karibu miaka 32. Kufika bilioni tano utahitaji zaidi ya miaka 158.

Tuligeukia saa. Kwa bahati nzuri, sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu siku kuanzia Jua linapochomoza. Nilichora duara kwenye daftari lake, nikamwambia maisha yote ya Jua likiwa na afya yake ni mchana mmoja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mchana huo ni miaka bilioni 10.

"Sasa kwenye Jua ni saa ngapi?" aliuliza.

Tukapiga hesabu pamoja na kaka yake wa darasa la sita. Miaka bilioni 4.6 kati ya bilioni 10, kwa mchana wa saa 12, inatupa saa tano na nusu asubuhi. Hata adhuhuri haijafika. Katika saa hiyohiyo binadamu wote waliowahi kuishi, tangu watu wa kwanza kama sisi miaka 300,000 hivi iliyopita, wamekuwapo kwa sekunde moja na kidogo. Babu wa babu, vita vyote, wafalme wote, wote wamo ndani ya hiyo sekunde.

Kwa kaka yake niliongeza jambo ambalo sikumwambia mdogo. Jua halibaki vilevile mpaka jioni. Kadiri heliamu inavyojaa kitovuni, kitovu kinajikaza na kupata joto zaidi, na Jua linang'aa zaidi polepole, kiasi cha asilimia 10 kila miaka bilioni. Baada ya takriban miaka bilioni moja, Dunia itakuwa ya moto mno kwa bahari kubaki bahari. Kwa saa yetu hiyo ni kabla ya saa saba mchana. Kijana mkubwa anaweza kulibeba hilo, na ni vizuri alisikie nyumbani kuliko kwenye video. Ila alijue pia kwamba ongezeko hilo la joto ni la mamilioni ya miaka. Joto linalopanda duniani katika miaka yetu hii linatokana hasa na moshi na gesi za shughuli zetu wenyewe.

Mzee wa kusini

Hesabu ni hesabu, lakini mtoto huamini zaidi anachokiona. Ilikuwa Novemba, mwezi mzuri wa kumwona mzee mmoja wa angani. Usiku wa kwanza mawingu ya vuli yalifunga kila kitu. Wa pili, saa tatu usiku, anga ilifunguka upande wa kusini, tukatoka wote, bibi akiwa amejifunga kanga mbili kwa baridi ambayo sisi hatukuisikia.

Nyota tuliyoitafuta inaitwa Beta Hydri. Kwa mkazi wa Pwani mwezi huo na saa hiyo, njia ni hii: tazama kusini, nyoosha mkono mbele na ukunje ngumi. Karibu ngumi nne juu ya upeo wa macho, kushoto kidogo, kuna nyota moja inayong'aa sana. Hiyo ni Achernar. Shuka chini yake, kulia kidogo, hadi ngumi mbili juu ya upeo. Hapo kuna nyota ya kawaida, si kali, iliyokaa peke yake. Ndiyo hiyo. Ukiwa Nairobi inakuwa chini zaidi, kama ngumi moja na nusu, kwa hiyo tafuta mahali pasipo na majengo wala taa upande wa kusini.

Beta Hydri ni ndugu wa Jua letu aliyetangulia umri. Uzito wake unazidi kidogo tu wa Jua, na joto la uso wake linakaribia kuwa sawa na la Jua, kama nyuzi 5,500 hivi. Tofauti ni umri. Ina takriban miaka bilioni 6.5, na haidrojeni ya kitovuni mwake inaishia. Kwa kuwa ni nzito kidogo, jiko lake linakula haraka zaidi, hivyo mchana wake ni mfupi kuliko wa Jua. Kwake saa kumi na mbili jioni inagonga.

Na dalili zinaonekana. Imevimba, upana wake ni karibu mara mbili ya Jua. Inang'aa mara tatu na nusu. Inaonekana kama kinyume cha akili: nyota inaishiwa na mkaa, lakini inang'aa zaidi. Sababu ni kwamba jivu la heliamu likishajaa, kitovu kinajikaza, na joto lake linawasha haidrojeni iliyokizunguka, kama ganda la moto kuzunguka jivu. Ganda hilo linawaka kwa nguvu kuliko jiko la zamani, na linasukuma tabaka za nje ziende mbali. Nyota inayozeeka hainyauki, inanenepa.

Iko umbali wa miaka 24 ya nuru. Maana yake ni kwamba mwanga ulioingia machoni mwetu usiku ule uliondoka huko miaka 24 iliyopita. Dada alihesabu kwa vidole, akacheka. Mwanga ule ulipoanza safari yeye alikuwa shule ya msingi, na mimi nilikuwa sijui kuvaa viatu.

"Imezeeka lakini ipo," alisema mpwa wangu. Hilo ndilo nililotaka alione.

Kinachofuata baada ya jioni

Watoto watauliza, kwa hiyo mzazi ajue mwisho wa hadithi. Jua likifika pale alipo mzee wa kusini, takriban miaka bilioni tano ijayo, litaendelea kuvimba kwa muda mrefu sana hadi kuwa nyota wanayoiita jitu jekundu. Litazimeza sayari za Utaridi na Zuhura. Dunia, hata isipomezwa, itabaki mwamba uliounguzwa. Kitovuni joto litafika nyuzi milioni 100, na hapo lile jivu lenyewe, heliamu, litashika moto na kugeuka kuwa kaboni na oksijeni.

Jua halitalipuka. Nyota zinazolipuka zikiishiwa mkaa ni zile zenye uzito wa Jua zaidi ya mara nane. Jua litapuliza tabaka zake za nje taratibu, ziende angani kama moshi mwembamba unaong'aa, na katikati litabaki gimba dogo lenye ukubwa wa Dunia na karibu nusu ya uzito wa Jua la sasa. Wataalamu huliita kibete cheupe. Halitakuwa na moto mpya. Litapoa polepole, kama jiko lililoachwa usiku, kwa mabilioni ya miaka.

Yale yaliyopulizwa hayapotei. Nyota zilizokufa kabla ya Jua kuzaliwa ndizo zilizotengeneza kaboni iliyo katika miili yetu, kalsiamu ya mifupa na meno, na madini ya chuma yaliyo kwenye damu. Tunapomsisitizia mama mjamzito ameze vidonge vya madini chuma, tunamwongezea kitu kilichopikwa ndani ya nyota.

Swali lililo chini ya swali

Nilidhani kazi imekwisha. Tulikuwa tunarudi ndani, mtoto kamshika mama yake mkono, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na babu naye aliishiwa mkaa?"

Baba yetu alifariki Agosti. Siku ya msiba watoto walipelekwa kwa jirani, na mpwa wangu alipouliza aliambiwa, "Babu amelala." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini mtoto alijua kwamba babu alilala na hakuamka. Kila jioni alisikia bibi akisema Jua limekwenda kulala. Kisha akaona video kwamba Jua litakufa. Kwa hesabu yake, mtu mwenye akili lazima aamke saa kumi na moja kuhakikisha.

Dada alisimama pale mlangoni. Nikajua hili si langu kulijibu. Alichuchumaa, akamwambia: "Babu alikufa, baba. Moyo wake ulichoka, mwili ukaacha kufanya kazi. Hakulala. Watu wakilala wanaamka, kama wewe unavyoamka kila siku." Mtoto akauliza kama babu anasikia baridi huko kaburini. Akajibiwa hapana, mwili uliokufa hausikii baridi wala maumivu. Bibi akaongeza maneno ya dini yetu kuhusu roho ya mzee ilipo. Kila nyumba ina imani yake, na hapo ndipo mahali pake.

Watoto wengi walio chini ya miaka mitano huona kifo kama safari ambayo mtu anaweza kurudi. Kati ya miaka mitano na saba hivi wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi, na kwamba kifo humfikia kila mtu. Huo ndio umri wa maswali ya Jua, ya kuku aliyechinjwa, ya "mama na wewe utakufa?" Maneno ya kupamba kama "amelala" au "amesafiri" hutupunguzia sisi uchungu, lakini mtoto huyachukua kama yalivyo. Wapo wanaoogopa kulala, na wapo wanaolia kila mzazi akisafiri.

Ukikutana na swali hili nyumbani

1. Muulize kwanza: "Umesikia wapi?" na "Wewe unafikiri nini?" Jibu lake litakuonyesha anaogopa nini hasa.

2. Usimwambie Jua halifi. Siku atakayojua si kweli, atatilia shaka na mengine uliyomhakikishia. Sema: "Ndiyo, siku moja, lakini ni mbali kuliko tunavyoweza kuhesabu." Kisha mchoreeni saa yenu.

3. Mwonyeshe kwamba Jua haliendi popote usiku. Dunia inazunguka na sisi tunageukia upande wenye kivuli. Kama mna ndugu Marekani, mpigieni simu ya video saa moja jioni. Mtoto ataona huko ni karibu adhuhuri na Jua linawaka.

4. Usimruhusu kulitazama Jua moja kwa moja, hata kwa miwani ya giza au filamu ya eksirei. Linaweza kuunguza nyuma ya jicho bila mtoto kusikia maumivu yoyote. Nyota za usiku hazina hatari hiyo.

5. Ukizungumzia kifo cha mtu, tumia neno "amekufa" au "amefariki" na ueleze kwamba mwili umeacha kufanya kazi. Ukishindwa kujibu swali, sema, "Sijui, tutatafuta pamoja."

6. Hofu ikiendelea kwa wiki kadhaa, mtoto akawa halali, hali vizuri au anakataa shule, mpeleke kituo cha afya au muone ofisa ustawi wa jamii. Hofu ya mtoto ni sababu ya kutosha ya kwenda.

Mpwa wangu bado huamka alfajiri mara mojamoja. Dada anasema siku hizi havuti kiti. Anakwenda chumbani kwake, anamtikisa bega na kuuliza, "Mama, kwenye Jua ni saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Bado?"

"Bado. Nenda kalale."

Na anakwenda.